Mzigo wa kamera katika njia za Ziwa Tanganyika

Mpiga picha anayetafuta vifaa vyepesi vya safari mara nyingi huanzia dukani, akilinganisha bei na sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Mimi ninayefanya kazi hii Kigoma nimezoea kuanzia kwenye njia nitakayopita, kwa sababu njia ndiyo inayoamua kifaa kipi kitatoka begini na kipi kitalala humo mpaka nirudi nyumbani. Kutoka Mwanga, mtaa wa mjini, hadi Kibirizi kando ya ziwa ni bodaboda. Kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini ni boti ya mbao iliyosheheni watu, magunia, madumu ya mawese na kuku waliofungwa miguu, na katika vijiji vingi boti hiyo ikifika haikuti gati, hivyo abiria hukunja suruali, hushuka kwenye maji ya magotini na kubeba mizigo yao begani mpaka mchangani. Begi ambalo siwezi kuliinua kwa mkono mmoja juu ya maji, huku mkono wa pili ukiwa umeshika ubavu wa boti, halifai kwa njia hiyo hata kama ndani yake mna kamera bora kuliko zote.

Kazi inayonilisha ni ya harusi na vipaimara mjini, na kwa kazi hiyo ninayo Canon 5D Mark III pamoja na lenzi mbili ambazo kila mpiga picha wa sherehe anazifahamu, ya milimita 24-70 na ya 70-200, zote za f/2.8, namba ya upana wa tundu la lenzi ambayo ikiwa ndogo mwanga mwingi huingia. Ni vifaa imara na sina neno baya juu yake. Hata hivyo, vikiwekwa kwenye mizani, kamera na betri yake ni gramu 950, lenzi fupi ni gramu 805 na ile ndefu ni gramu 1,490, jumla ya kilo tatu na robo kabla sijahesabu flashi, chaja, betri za akiba na tripodi yenye nguvu ya kuhimili yote hayo. Ukumbini uzito huo hausikiki, maana gari hufika mlangoni na kijana wa kunisaidia yupo. Gombe, hifadhi ya sokwe kaskazini mwa mji, ni habari nyingine. Pale ardhi hupanda kutoka usawa wa ziwa, ambao ni takriban mita 770 juu ya bahari, hadi vilele vya karibu mita 1,500 katika umbali mfupi, na kuna mahali ambapo mpandaji anahitaji mikono yote miwili kushika mizizi.

Kwa safari za namna hiyo ninatumia Fujifilm X-T20, yenye gramu 383 pamoja na betri na kadi, lenzi ya 18-55 yenye gramu 310 na ya 55-200 yenye gramu 580. Jumla yake ni kilo moja na robo na ushee, yaani karibu kilo mbili pungufu ya mzigo wa harusini. Ni kamera ya miaka kadhaa iliyopita, nami niliipata ikiwa imetumika, lakini picha yake ina nukta 6,000 kwa 4,000, ambazo zinatosha kuchapisha karatasi ya A3 bila kulazimisha, na mteja aliyewahi kuniomba picha kubwa kuliko hiyo bado sijamwona.

Ni vyema kueleza wepesi huo unatoka wapi, kwa kuwa hapa ndipo wengi huuziwa nusu ya jambo. Tangu Panasonic ilipoleta Lumix G1 mwaka 2008, kamera zisizo na kioo cha ndani, kile kinachoakisi picha kwenda jichoni, zimekuwa zikitangazwa kuwa ni nyepesi, na ni kweli kwamba kuondoa kioo hupunguza unene na uzito wa mwili wa kamera. Lakini kuondoa kioo hakupunguzi lenzi. Lenzi hufuata ukubwa wa sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ambayo inapaswa kuiangazia, kwa hiyo anayenunua mwili mdogo wenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, kisha akaufunga kwenye lenzi ya f/2.8 ya ukubwa ule ule wa zamani, ameokoa gramu chache tu mbele ya kilo anazoendelea kubeba. Sensa ya kamera yangu ya safari ni ya milimita 23.6 kwa 15.6, eneo lisilofikia nusu ya ile kubwa, na ndiyo sababu lenzi zake ni ndogo. Gharama ya wepesi huo hulipwa gizani: mwanga unaokusanywa ni mchache, na nikipandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, kupita kiasi picha huanza kuonyesha chengachenga kwenye sehemu za kivuli. Nimekubali gharama hiyo nikijua ninachonunua.

Wapo wanaoshuka hatua moja zaidi hadi sensa ya Micro Four Thirds, yenye milimita 17.3 kwa 13, ambako lenzi ya milimita 300 huona kama ya 600 ya kamera kubwa. Lenzi ya Panasonic ya 100-300, kwa mfano, ina gramu 520 tu. Kwa mtu anayefuata ndege kwenye mabwawa ya Malagarasi mchana kweupe, ningempendekezea mfumo huo bila kusita. Kwa msitu wa Gombe au wa Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, nisingefanya haraka, na sababu yake ni sokwe wenyewe.

Wageni wengi hufika Kigoma na lenzi ndefu wakidhani sokwe watakuwa mbali kama simba wa Serengeti. Kanuni za hifadhi zinataka mgeni akae umbali wa mita 10 kutoka kwa sokwe, muda wa kuwa nao ni saa moja, flashi hairuhusiwi, na mgeni huvaa barakoa ili asiwaambukize maradhi ya binadamu. Katika mita 10, lenzi ya 200 kwenye sensa yangu hujaza picha kwa uso na mabega ya sokwe mkubwa, na urefu zaidi ya hapo hauna kazi. Kinachokosekana chini ya majani yale ni mwanga. Lenzi yangu ya 55-200 ikivutwa mwisho hufungua f/4.8, na mara nyingi asubuhi najikuta kwenye ISO 3200 huku mwendo wa shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ukiwa bado haujafika 1/125 ya sekunde, wakati sokwe anayejikuna hatulii hata nukta moja. Ndiyo maana nafasi ambayo mwingine angeipa lenzi ndefu ya gramu mia tano, mimi nimeipa lenzi ya 50 ya f/2 yenye gramu 200. Ikiwa wazi kabisa huingiza mwanga karibu mara sita ya ile ya f/4.8, na kwa kundi la sokwe waliokaa pamoja wakichambuana manyoya inatosha sana. Wazoefu wa nyika hawanielewi ninapowaambia hivyo mpaka waingie msituni wenyewe.

Lenzi pana kupita 18 nimeiacha kabisa. Kwa mandhari ya mchana, na hata kwa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, chini ya miembe ambako Stanley alimkuta mwaka 1871, simu yangu huchukua eneo pana vya kutosha, na sioni sababu ya kubeba kioo kingine kwa kazi ambayo tayari imo mfukoni.

Tripodi ndiyo iliyonifikirisha kuliko kamera. Kabla ya kuuliza inunuliwe ipi, ni busara kuuliza itasimama wapi, kwa maana sehemu kubwa ya safari zetu haiitaki. Ndani ya boti haifai hata kidogo, kwa kuwa sakafu yenyewe inatikiswa na injini na mawimbi, na miguu mitatu hupeleka mtikisiko ule moja kwa moja hadi kwenye kamera. Afadhali mikono, ambayo hupokea mshtuko, pamoja na shata ya 1/500 au zaidi. Mbele ya sokwe haifai pia, kwani kundi huhama wakati mtu bado anafungua miguu ya kwanza. Pale fimbo ya kupandia mlima hufanya kazi nusu: ukiisimika mbele yako na kuibana lenzi juu yake kwa kiganja, unapata utulivu wa kutosha kushusha shata hatua moja, wakati mwingine mbili.

Zinazobaki ni sehemu tatu ambazo bila tripodi hakuna picha. Ya kwanza ni maporomoko ya Kakombe ndani ya Gombe, ambako ninataka maji yaonekane kama yanavyotiririka, na hilo huhitaji shata ya nusu sekunde hivi. Ya pili ni machweo ya ziwani. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya ninunue tripodi nzuri, ni taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza.

Kuhusu machweo, anayetoka Dar es Salaam arekebishe saa ya kichwani. Nchi nzima saa zetu zinasoma sawa, lakini Kigoma iko magharibi sana, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika arobaini kulinganisha na la Dar. Linazama karibu saa moja jioni nyuma ya milima ya Kongo, na mwanga mzuri hubaki kwa muda mfupi baada ya hapo, wakati anga bado ni la buluu na mitumbwi inaanza kutoka. Miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Juni, moshi wa kuchoma nyasi na vumbi hufunika ng'ambo yote na milima haionekani. Baada ya mvua za Novemba hewa husafishika na vilele huonekana kana kwamba vimesogezwa karibu. Mwezi mpevu nao wavuvi wa taa wengi hawatoki, kwa hiyo kabla ya kubeba tripodi kwenda Bangwe au Katonga ni lazima kwanza kuangalia mwezi.

Picha ya taa zile inaonekana rahisi mpaka mtu aijaribu. Wengi hufungua shata kwa sekunde 20 au 30, kama wanavyoelekezwa kuhusu picha za nyota, kisha wanashangaa kuona kila taa imekuwa mstari uliopinda. Tripodi imetulia, lakini mtumbwi unaelea. Mimi hufungua lenzi f/2, ISO 1600, na kutafuta muda usiozidi sekunde mbili, ambao taa hubaki nukta na mwanga wake juu ya maji hubaki mfereji. Kamera huiweka kwenye kipima muda cha sekunde 2 ili mguso wa kidole changu upoe kabla shata haijafunguka, na nikitumia lenzi yenye kitulizi cha mtikisiko hukizima, kwa kuwa baadhi ya vitulizi, hasa vya zamani, hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta vyenyewe.

Sasa tripodi yenyewe. Zile za safari zilizo bora kiasi huwa na uzito wa kilo moja na nusu kwa alumini, na kilo moja na robo hivi kwa nyuzi za kaboni, huku bei ya kaboni ikikaribia mara mbili. Kaboni hunyonya mtikisiko vizuri zaidi na haiwi baridi mkononi alfajiri. Mimi nilichukua alumini. Gramu mia mbili na ushee hazikunishawishi kulipa tofauti ile, ambayo niliipeleka kwenye lenzi ya 50, na maji ya Tanganyika ni baridi bila chumvi, hivyo kutu ya bahari inayowasumbua wenzetu wa pwani hapa si tishio.

Nilichokiangalia zaidi ni urefu wa tripodi kabla ya kuinua nguzo ya katikati. Matangazo hutaja urefu wa mwisho, nguzo ikiwa juu kabisa, na hapo kamera inakuwa imekaa juu ya mti mmoja mwembamba unaocheza kwa upepo mdogo. Inayofika kifuani nguzo ikiwa chini inanitosha. Sihitaji ifike usoni, kwani kioo cha nyuma cha kamera yangu huinama. Jambo la pili ni idadi ya vipande vya mguu. Vipande vitano hukunjika na kuwa vifupi sana, lakini cha mwisho huwa chembamba kama kalamu, na utulivu wote wa juu unategemea kalamu hiyo. Vipande vinne, vikikunjwa hadi sentimita 40, vinaingia ndani ya begi langu la mgongoni bila kuchomoza, na kutochomoza huko kuna maana yake nitakayoieleza. Dukani niliifungua yote, nikabonyeza kichwa chake kwa kiganja na kukizungusha kidogo huku na huku. Ukikizungusha na miguu ikajikunja kama kamba inayosokotwa, irudishe kwenye rafu hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

Mchanga wa Kibirizi na Katonga una adabu yake. Watu hufungua kwanza vipande vinene vya juu, kwa kuwa ndivyo vilivyo imara, na ushauri huo ni sahihi kwenye sakafu. Ufukweni mimi hufanya kinyume: huvuta kwanza kipande chembamba cha chini kabisa, chote, ili kifungio chake kiwe juu ya mchanga na maji, kisha ndipo nifungue vya juu kadiri ya urefu ninaoutaka. Mchanga ukiingia kwenye kifungio cha kuzungusha husikika ukisaga kila unapokaza, na baada ya hapo mguu huteleza wenyewe polepole katikati ya picha. Chini ya kila mguu huweka kifuniko cha ndoo ndogo ya plastiki, maana wimbi linalokufa karibu na tripodi hulegeza mchanga na kuizamisha upande mmoja. Upepo ukiwa mkali hufunga begi kwenye ndoana ya katikati, lakini kwa kamba ndefu kiasi kwamba tako la begi liguse ardhi. Begi linaloning'inia hewani huyumba na kuiyumbisha tripodi badala ya kuituliza.

Upo pia mzigo wa namna nyingine. Alasiri moja pale Katonga nilikuwa nimesimamisha tripodi karibu na vichanja vya dagaa, nikisubiri jua lishuke, mama mmoja akaacha kugeuza dagaa wake na kunijia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mnapima tena?”

“Hapana, mama, napiga picha tu.”

“Picha gani hiyo inayotaka miguu mitatu? Waliokuja na mashine kama hii walipima, wakaweka mawe, wakaondoka, na mpaka leo hatujui ni ya nini.”

Ilinibidi nimwonyeshe picha kwenye kioo cha kamera, kisha na majirani zake wakaja kuangalia, na mmoja akataka ya watoto wake, ambayo niliipiga na baadaye kumpelekea ikiwa imechapishwa. Tangu hapo tripodi hukaa begini mpaka nimesalimia watu na kueleza ninachofanya. Bandarini na stesheni ya reli ni vivyo hivyo, isipokuwa huko salamu peke yake haitoshi na ruhusa huombwa kwa wahusika kabla begi halijafunguliwa. Kamera ndogo yenye lenzi ndogo humfanya mlinzi akuone mtu wa kawaida. Tripodi ikichomoza mgongoni, umeshakuwa mtu wa vyombo vya habari au mpima viwanja, na maswali yanaanza mita hamsini kabla hujafika.

Vumbi na unyevu navishughulikia kwa vitu vya bei ndogo. Kamera yangu haikutengenezwa kuzuia maji, kwa hiyo ndani ya boti hukaa kwenye mfuko wa nailoni mzito uliofungwa kwa mpira, pamoja na vifuko vya silika nilivyovitoa kwenye maboksi ya viatu. Lenzi sibadilishi ufukweni wala juu ya bodaboda. Huamua kabla ya kushuka ni ipi itakayofanya kazi asubuhi hiyo, na hii ni faida nyingine ya kuwa na lenzi chache.

Ndege ndogo zinazokwenda Mahale mara nyingi hutaka begi laini lisilozidi kilo 15 kwa mtu, nguo na vyote, na hapo ndipo mwenye kilo tatu na robo za kamera huanza kupunguza mashati. Betri za akiba na pawabenki hubebwa mkononi, kwa kuwa mashirika ya ndege hayaruhusu betri hizo zisizofungwa kwenye kifaa kuwekwa katika mizigo ya chini. Betri ya X-T20 ni ndogo, ya saa-wati 8.7, na hutoa picha takriban 350, hivyo kwa siku nzima nahitaji mbili. Pawabenki ya mAh 10,000 huijaza mara tatu hivi. Katika vijiji vya mwambao ambako umeme ninaoukuta ni wa paneli ya sola juu ya bati la duka, kamera inayochaji kwa waya mdogo wa USB haina shida, kwani mwenye duka huichomeka kwenye foleni pamoja na simu za wavuvi na kunitoza bei ile ile ya simu. Ile ya harusini hutaka chaja yake ya ukutani, na soketi ya ukutani katika duka lile haipo.